Asiye na Karatasi Si Asiye na Asili

Methali yetu isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" imetumiwa vibaya kwa muda mrefu, na leo nataka kuitetea mbele ya wale wanaoipenda zaidi. Methali yasema mwacha. Haisemi aliyenyang'anywa, wala haisemi aliyepotezewa. Lakini kaa barazani popote pale, tangu Lamu hadi Vanga, usikilize inavyotolewa. Aghalabu humwangukia mtu ambaye hakuacha kitu, ila babu yake alikuwa fukara, au alihama kwa njaa, au hakupata wa kumwandika.

Sisi watu wa pwani tunasifika kwa nasaba. Mtoto kabla hajamaliza juzuu ya Amma huwa ameshafunzwa kumtaja baba, babu na baba wa babu. Ziko nyumba ambazo waraka wa nasaba umekunjwa sandukuni pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya ndoa, na hautolewi ila siku ya ugomvi. Sisemi kwamba hili ni baya. Nasaba ina kazi yake katika mirathi, katika kujua nani ni maharimu wa nani, na katika kuunga ukoo, jambo ambalo dini yetu imelihimiza sana. Ninalolipinga ni ile hukumu nyepesi kwamba asiyeweza kutaja majina saba hana asili.

Hukumu hiyo nimeisikia nyumbani kwangu mwenyewe. Binti yangu wa pili ameolewa Boston, Marekani, na kijana Mwislamu ambaye wazee wake ni Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Kijana alisilimu miaka mingi kabla hajamjua binti yangu. Alipokuja Mombasa kuposa, mzee mmoja wa ukoo wetu alimwuliza, "Wewe ni nani bin nani?" Kijana akajitaja, akamtaja baba yake, babu yake, na baba wa babu yake aliyezaliwa Boston mwaka 1875. Kisha akasema kwamba baba wa huyo wa mwisho alishuka melini akitoka Ireland, na zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi asili yake imeishia baharini."

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, na leo nina wajukuu watatu. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Wajukuu wangu kwa upande wa mama wana majina tisa ya kutaja, na kwa upande wa baba, ambako ndiko nasaba inakofuatwa, wana mtu aliyetoka majini kama chunusi. Wengine walimshauri mkwe wangu atupe lile jina la Kiairishi, ajiitie jina jipya la ukoo, mambo yaishe. Nikamwambia la. Dini yetu yataka mtu aitwe kwa baba yake, hata kama baba huyo hakuwa Mwislamu. Sayyidna Omar ni bin Khattab, na Khattab hakuuona Uislamu. Badala ya kulitupa jina, nikasema, tulitafute.

Nilikuwa nimekwisha staafu ualimu, nina wakati. Kwa miaka mitatu mimi na binti yangu tumekuwa tukisaidiana, yeye kule na mimi huku, kumfuata mtu mmoja maskini kupitia karatasi za nchi ambayo sijaikanyaga. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa ni jina la watu walio hai. Lakini niliyojifunza juu ya karatasi hizo nataka kuyaeleza, kwa sababu yananifanya niseme kwa sauti kubwa kuliko zamani kwamba yule mzee alikosea.

Kila unayemwuliza habari za ukoo wa Kiairishi atakuambia jambo moja: zote ziliungua. Na kweli, moto ulikuwapo. Baada ya Waairishi kutia saini mkataba na Uingereza mnamo Desemba 1921, waligawanyika wenyewe kwa wenyewe. Waliopinga mkataba waliliteka jengo la mahakama kuu mjini Dublin, liitwalo Four Courts, mwezi wa Aprili 1922. Tarehe 28 Juni majeshi ya serikali mpya yakaanza kulipiga kwa mizinga iliyoazimwa kutoka kwa Waingereza, na tarehe 30 Juni ukatokea mlipuko mkubwa. Katika uwanja huo huo ndimo ilimokuwa Hifadhi ya Nyaraka za Umma. Wasia za watu, kesi za mahakama, vitabu vya sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, karibu vyote vilikwenda na moto, na majivu ya karatasi yakaruka juu ya mji.

Hiyo ndiyo habari ipendwayo kusimuliwa, maana moto una kishindo chake. Lakini kusema kwamba zote ziliungua ni nusu ya kweli. Sensa ya 1861 na ya 1871 hazikungoja moto. Serikali yenyewe iliamuru vitabu vyake viharibiwe mara baada ya kuhesabu jumla. Sensa ya 1881 na ya 1891 zilisagwa ziwe karatasi tena wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwa kuwa karatasi ilikuwa haba. Hakuna aliyetupa bomu. Makarani waliketi mezani, wakaona kwamba idadi ya watu ni muhimu lakini watu wenyewe si muhimu, wakatia saini. Sensa nzima za mwanzo zilizosalia ni ya 1901 na ya 1911, na wakati huo mtu wetu alikuwa ameondoka nusu karne.

Kwa hivyo mtu akisema kwamba fulani hana maandishi, swali la kwanza si "Alitoka wapi?" Swali la kwanza ni "Nani aliyapoteza?"

Kuna kioja kimoja humu ambacho kilinifanya nicheke peke yangu. Ireland ilikuwa na kanisa la Kiprotestanti lililokuwa la serikali hadi mwanzo wa 1871, ilhali watu wengi walikuwa Wakatoliki. Daftari za kanisa la serikali, kwa heshima yake, zilihesabiwa kuwa nyaraka za taifa. Nyingi zikachukuliwa zikawekwa Dublin mahali pa salama, na zaidi ya nusu ya daftari hizo zikaungua pale pale mahali pa salama. Daftari za Wakatoliki hakuna aliyezijali. Zilibaki makabatini mwa mapadri vijijini, na kwa kudharauliwa huko zikaokoka. Tatizo lake ni kwamba huanza kwa kuchelewa. Katika karne ya 18 sheria kali ziliwabana Wakatoliki katika ibada, katika kumiliki ardhi na katika elimu, na haki ya kuingia bungeni hawakuipata hadi 1829. Padri asiye na kanisa la maana atatunza vipi daftari? Parokia nyingi za magharibi, ambako umaskini ulikuwa mkubwa zaidi, hazina maandishi kabla ya miaka ya 1820, na nyingine zimechelewa zaidi ya hapo. Serikali nayo haikuanza kuandikisha vizazi, vifo na ndoa za watu wote hadi Januari 1, 1864.

Kabla ya tarehe hiyo maskini aliandikwa alipodaiwa. Ziko daftari za zaka ya kanisa la serikali, za kati ya 1823 na 1837, zaka ambayo hata Mkatoliki alilazimika kuilipia kanisa lisilokuwa lake. Iko orodha ya thamani ya mashamba na nyumba iliyosimamiwa na Richard Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, ili ijulikane nani atozwe kodi kiasi gani. Humo mna jina la mkaaji na jina la mwenye ardhi, kitongoji baada ya kitongoji, na vitongoji vya Ireland ni zaidi ya 60,000. Mke hayumo. Watoto hawamo. Mtu asiye na hata kibanda cha kutozwa kodi hayumo kabisa.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1845 maradhi yaliingia katika mbatata, na mbatata ndiyo iliyokuwa chakula cha maskini asubuhi na jioni, kwa sababu vipande vya ardhi walivyoachiwa havikutosha kulima kitu kingine. Nafaka ilikuwapo nchini na iliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa, lakini haikuwa yao. Sensa ya 1841 ilikuta watu zaidi ya milioni 8. Ile ya 1851 ilikuta milioni 6 na nusu. Kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walipanda meli. Katika kisiwa cha Grosse Île nchini Kanada, ambako meli zilizuiwa kwa ajili ya homa, walizikwa zaidi ya watu 5,000 katika mwaka mmoja wa 1847.

Wasomaji wangu watapenda kujua kwamba mwaka huo huo wa 1847 Sultani Abdul Majid wa Uturuki alitoa pauni 1,000 kwa ajili ya wenye njaa wa Ireland. Wakubwa wa Kiairishi walimwandikia barua ya shukrani, ikatunzwa Istanbul, na majina yao waliotia saini yanasomeka. Majina ya wenye njaa hayamo katika barua ile. Nalitaja hili si kwa kujisifu kwamba Waislamu walitoa, bali kwa kuwa linaonyesha jinsi karatasi inavyochagua wa kumkumbuka.

Mtu wetu aliondoka mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 16, peke yake. Hapo mtafutaji hufikiri kwamba sasa mambo yatakuwa mepesi, maana Marekani ilikuwa na sheria tangu 1820 kwamba kila nahodha alete orodha ya abiria. Orodha zipo. Lakini mahali pa kuandika alikotoka mtu, karani ameandika neno moja tu: Ireland. Abiria 300, na mbele ya kila mmoja neno hilo hilo. Ni sawa na kumwandika mtu kwamba ametoka Afrika. Hati zao za uraia, kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 1906, aghalabu hazisemi zaidi. Na sensa ya Marekani ya 1890 nayo iliharibika kwa moto huko Washington mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya ule wa Dublin. Majina yenyewe hayasaidii. Jina la Murphy ndilo lililoenea kuliko yote Ireland, na katika wilaya ya Cork ukiita Sullivan sokoni watageuka watu kumi.

Juu ya majina haya niruhusu nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoanza kuwapenda watu hawa. Ile "Mac" unayoiona mwanzoni mwa majina yao ni sawasawa na bin yetu: mwana wa. Ile "O" si herufi tu, maana yake ni mjukuu wa, au kizazi cha, kama Mwarabu asemavyo Banu. Mwanamke hutumii hizo, ana zake, Nic na Ní, kama sisi tulivyo na binti. Mac Gabhann ni mwana wa mhunzi. Walipotawaliwa na Waingereza wengi waliiacha hiyo O au hiyo Mac, au waliandikwa bila hiyo na karani asiyejua lugha yao, na huyo mwana wa mhunzi akageuzwa Smith. Watoto wa baba mmoja wanaweza kutokea katika daftari tatu kwa majina matatu. Na padri naye, akiandika ubatizo, huenda alitumia Kilatini: James akawa Jacobus, William akawa Gulielmus. Mtoto huitwa nyumbani kwa Kiairishi, huandikwa kanisani kwa Kilatini, na hudaiwa kodi kwa Kiingereza. Nani kati yetu, ambao hati zetu za zamani ni za Kiarabu, vitambulisho vyetu ni vya Kiingereza, na majina yetu ya nyumbani ni mengine kabisa, atawacheka?

Halafu wana desturi ya kuwapa watoto majina. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama. Wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa mama. Si sheria, ni desturi, na wengi waliifuata. Bi Mkubwa wangu marehemu angesikia haya angeuliza kama watu hao wametoka Kisauni.

Wale wanaodharau neno la mdomo wangesoma habari ya pensheni. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza, iliyotawala Ireland wakati huo, ilipitisha sheria ya kuwalipa wazee waliofikia miaka 70, shilingi tano kwa wiki, kuanzia Januari 1909. Wazee wa Ireland wakajitokeza kwa wingi, lakini cheti cha kuzaliwa hawakuwa nacho, kwa kuwa walizaliwa kabla ya 1864. Basi maofisa wakauliza: unakumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa? Tufani hiyo ilipiga usiku wa Januari 6, 1839, ikang'oa mapaa na kuangusha miti nchi nzima, na aliyeikumbuka alikuwa na umri wa kutosha. Kumbukumbu ya mtu ikawa cheti. Wengine waliomba sensa ya 1841 na ya 1851 zipekuliwe ili waonekane walikuwa watoto wa umri gani. Sensa zenyewe ziliungua baadaye, lakini nyingi za zile fomu za kupekulia zimesalia, na katika fomu ya bibi fulani aliyetaka shilingi zake tano unakuta jina la baba yake, la mama yake, na la kitongoji chao, yaliyonakiliwa kutoka katika kitabu ambacho sasa ni majivu.

Mwaka huo huo wa 1908, serikali hiyo hiyo ilileta pwani yetu Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye dai alitakiwa aje adai. Ambaye habari haikumfikia, au hakuweza kuthibitisha kwa namna iliyotakiwa, ardhi aliyolima babu yake ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na hadi leo wako vitukuu wake wanaoitwa maskwota hapo walipozikwa wazee wao. Hawa nao tutawaambia hawana asili?

Nirudi kwa mtu wetu. Karatasi haikutupa mwanzo. Mwanzo tuliupata kwa bibi mmoja wa ukoo wa mkwe wangu, mwenye miaka 91, ambaye familia ilikuwa imezoea kumwambia apumzike kila anapoanza kusimulia. Alikuwa na vitu vitatu tu. Kwamba walitoka Cork. Kwamba baba wa mhamiaji alikuwa akifua chuma. Na neno ambalo wote walilichukulia kuwa la kitoto, alilokuwa akilitamka "Nok" kisha silabi mbili za haraka. Binti yangu aliandika jinsi alivyosikia, kwa herufi za Kiswahili, jambo lililotufaa sana kwani Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Sasa, neno "cnoc" katika lugha ya Kiairishi ni kilima, na Waingereza waliliandika Knock. Vitongoji vinavyoanza na neno hilo ni mamia. Lakini mamia ni machache kuliko 60,000.

Hapo ndipo karatasi ilipopata kazi. Lilikuwako Boston gazeti la Kikatoliki liitwalo The Pilot, na kuanzia 1831 hadi 1921 lilichapa matangazo ya watu waliopotezana: fulani, wa parokia fulani, wilaya fulani, aliondoka mwaka fulani, ndugu yake anamtafuta. Ni matangazo maelfu kwa maelfu, na siku hizi yamekusanywa yakawekwa katika intaneti. Ukiyasoma usiku machozi hutoka bila taarifa. Mke anamtafuta mume aliyetangulia. Mama anawatafuta wanawe. Tuliyapekua kwa jina la ukoo na lile neno la kilima, na katika la mwaka 1856 tukamkuta dada mtu, mtumishi wa nyumba katika mji mwingine wa Marekani, akimwulizia kaka yake, mtoto wa mhunzi. Parokia imetajwa. Kitongoji kimetajwa chote, na kilikuwa kile kile cha bibi, silabi zote.

Daftari za parokia za Kikatoliki zilipigwa picha zamani na Maktaba ya Taifa ya Ireland, na tangu 2015 yeyote anaweza kuzitazama bila malipo katika intaneti. Nilizitazama hapa Mombasa. Mwandiko wa padri ni mbaya, kurasa zina madoa, lakini mwaka 1835 yumo: jina lake kwa Kilatini, jina la baba, jina la mama pamoja na la ukoo wake aliozaliwa, na wasimamizi wawili wa ubatizo. Kisha nikamtafuta baba mtu katika orodha ya Griffith, kitongoji kile kile. Hayumo. Yumo msimamizi wa ubatizo, mwenye jina moja la ukoo na mhunzi, ana nyumba na kipande cha ardhi. Mhunzi amekwisha ondoka duniani, au ameondolewa katika nyumba. Mtoto wa miaka 16 hapandi meli peke yake bure.

Najua nitajibiwa kwamba maneno ya mdomo hudanganya. Ndiyo, hudanganya. Msichana wa kwanza kupokewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York kilichofunguliwa Januari 1, 1892, ni Annie Moore wa Cork, aliyefika na kaka zake wawili wadogo katika meli ya Nevada, akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alihamia Texas, na jamaa wa bibi mmoja wa huko walialikwa katika sherehe kwa heshima yake. Mtafiti Megan Smolenyak alionyesha mwaka 2006 kwamba bibi wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Annie wa kweli hakuondoka New York. Aliolewa hapo hapo, akazaa watoto wengi na kuzika kadhaa, akalala katika kaburi lisilo na jiwe hadi 2008. Habari nzuri ya ukoo mmoja ilikuwa imemfunika mtu wa ukoo mwingine, na watu wazima waliiamini kwa kuwa ilipendeza.

Lakini tazama ni nini kilichoikosoa habari ile. Ni sensa na vyeti vya watu wa mtaani, karatasi za maskini, zilizopekuliwa na mtu aliyekuwa amekwisha sikia masimulizi na kuyatilia shaka. Hakuna aliyekaa akasema kwamba mwanamke huyu hana asili. Na upande wa pili, bila kilima cha bibi wa miaka 91 mimi ningekuwa bado nasoma orodha za abiria zilizoandikwa Ireland, Ireland, Ireland. Neno la mdomo ndilo hufungua, karatasi huhakikisha, na ni mara chache sana mambo huanza kwa karatasi. Hata Benki ya Emigrant ya New York, iliyoanzishwa 1850 na kuwahudumia Waairishi maskini, ilimwuliza kila mteja jina la mama yake, ndugu zake na kijiji chake, ikayaandika kitabuni ili mwizi asije akachukua fedha kwa jina lake. Vitabu hivyo leo ni hazina ya watafutaji. Benki iliwauliza maskini wazee wao ni kina nani, na wakajibu. Walikuwa wanajua. Haikuwa kwamba hawana asili, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Wale waliounguza nao wanajirekebisha. Mwezi wa Juni 2022, miaka 100 baada ya moto wa Dublin, wasomi wa Trinity College walifungua hazina ya nyaraka katika intaneti, waliyoikusanya kutoka nakala zilizotawanyika katika hifadhi na maktaba nyingi, ili kujaza kiasi fulani cha kilichopotea. Karatasi ya nchi nzima inatafutwa kama mtu anavyotafutwa.

Kwa mtu wetu, daftari la parokia linaanza muda mfupi kabla ya kuzaliwa kwake. Wametangulia ndugu wawili wa kiume, na kila mmoja ana jina. Baba yao yumo kama baba, lakini yeye mwenyewe alizaliwa kabla ya ukurasa wa kwanza, na huko nyuma hakuna daftari. Nimechukua waraka wa nasaba ya wajukuu wangu, ambao mwandiko wa upande wa mama ni wa marehemu baba yangu, na upande wa baba nimeandika kwa wino mkwe wangu, baba yake, babu yake, yule aliyezaliwa Boston, mhamiaji, na mhunzi. Hao sita nina ushahidi nao. La saba nimeliandika kwa penseli: ni jina la yule ndugu mkubwa wa mhamiaji, kwa sababu desturi yao ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake. Yule mzee wa ukoo wetu bado yu hai, Mungu ampe umri, na waraka uko kwangu wakati wowote atakapotaka kuusoma.